Mifupa ya shimoni Siyu: ni ya nani, ya lini, na inasema nini

Mwalimu mmoja wa kisiwani Pate, Lamu, ameniandikia hivi:

"Assalamu alaykum. Nyuma ya nyumba yetu Siyu tulikuwa tukichimba shimo la choo. Kina kilipofika kiunoni tukakuta tabaka la majivu, maganda ya chaza na tondo, vigae, na mifupa chungu nzima. Mingi ni midogo, ila mmoja umetushangaza: umepinda, unene wake ni wa kifundo cha mkono, na ni mzito kupita kiasi. Ncha yake ilivunjwa na jembe, tukaona ndani hauna tundu la uboho. Mzee mmoja anasema ni ubavu wa majitu ya kale, mwingine anasema ni wa nyangumi. Vijana wanataka kuuza. Nimesimamisha kazi. Je, hapa palikuwa makaburi? Huyu ni mnyama gani? Mifupa hii ina miaka mingapi? Na kwa nini nyinyi wataalamu mnajishughulisha na masalio ya chakula cha watu?"

Waalaykum salaam, Mwalimu. Umefanya vyema kusimamisha kazi. Nitaanza na hilo la makaburi, kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja.

Kwa picha ulizotuma, hapo si makaburini, ni jaani. Maiti wa Kiislamu pwani hii hulazwa kwa ubavu wa kulia akaelekezwa kibla, na kwa kuwa kibla chetu kiko kaskazini, kichwa huwa mashariki na miguu magharibi. Ukikuta kaburi, hata la miaka mia tano, mifupa huwa imefuatana: pingili za mgongo zimepangana, mbavu ziko pande zote mbili, mikono na miguu iko mahali pake, na udongo uliofunika ni ule ule uliotolewa shimoni ukarudishwa. Yako imetapakaa, imevunjikavunjika, imechanganyika na majivu, maganda na vyungu. Hayo ni mambo ya jikoni. Hata hivyo siwezi kukuhakikishia shimo zima kwa picha chache. Mifupa ya mtoto mchanga ni midogo, ncha zake hazijaungana bado, na wengi huidhania ya mbuzi au ya kuku. Ukiona fuvu la mviringo, au mifupa mirefu iliyolala kwa mpangilio, funika palepale, waite wazee wa mji na watu wa Makumbusho, usiendelee hata kwa kijiko.

Sasa huo ubavu. Si wa jitu, wala si wa nyangumi. Ni wa nguva.

Nimemtambua kwa jambo ulilolitaja mwenyewe, kwamba ndani hamna tundu. Ubavu wa ng'ombe ni bapa, na ukivunjwa unaonyesha ganda gumu jembamba kwa nje na vitundutundu ndani. Mfupa wa nyangumi ni mkubwa, lakini nao umejaa vitundu vyenye mafuta. Ukishakauka huwa mwepesi kuliko unavyoutazamia. Ubavu wa nguva umejaa kote, ncha hadi ncha, ndiyo maana unaubeba ukahisi mkono umeshuka. Sababu iko kwenye malisho yake. Nguva hula majani ya baharini yanayoota chini, kwenye maji ya kina kifupi, na kwa mapafu yake makubwa yaliyojaa hewa angeelea muda wote kama hana kitu cha kumshusha. Mifupa yake ndiyo farumi yake, yaani uzito wa kumtuliza kama ule unaowekwa chomboni. Mtu mzima wao hufika urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 400 na zaidi, kwa hiyo nguva mmoja akivuliwa, mtaa mzima ulikula.

Irudie ile picha uliyoipiga kwa karibu. Upande wa ndani wa upindo, jirani na ncha iliyovunjika, pana mikwaruzo mitatu mifupi iliyolala sambamba, myembamba, yenye kingo kali. Hiyo ni ya kisu. Panya akitafuna huacha mifereji mipana iliyo bapa, miwili miwili, kwa sababu ya meno yake ya mbele. Mbwa huacha vishimo, tena huanzia nchani kwenye ulaini. Mizizi ya mimea huchora michirizi inayopindapinda bila mpango. Mikwaruzo ya kisu kwa ndani ya ubavu inaonyesha kwamba kifua kilikuwa kimeshafunguliwa, na mtu alikuwa akivua nyama iliyo baina ya mbavu. Weusi ule wa pembeni ni wa moto mdogo. Mfupa ukiungua kidogo huwa kahawia, kisha mweusi. Ukikaa kwenye moto mkali, wa nyuzi 600 na zaidi, weusi huondoka ukabaki kijivu, mwisho mweupe. Wako umeungua upande mmoja tu na haujafika mbali. Nadhani ulitupwa jaani juu ya majivu yaliyokuwa bado na makaa hai. Alama za mapishi ni nyingine.

Wazee wenu wamekosea mnyama, lakini hawalaumiki. Ni wangapi leo wamewahi kumwona nguva kwa macho? Mwishoni mwa 2022, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliwaweka nguva wa Afrika Mashariki katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, likikadiria kwamba waliokomaa hawafiki 250 katika ukanda wote. Majaa ya kale ya visiwa vya Lamu yanatuambia kwamba zamani mnyama huyu alikuwa karibu kiasi cha kuingia chunguni.

Hata hivyo, Mwalimu, huo ubavu si wenye habari nyingi zaidi katika shimo lako. Habari nyingi ziko katika hiyo "mingi ni midogo" uliyoipita kwa maneno matatu. Mfupa mkubwa mtu huuona akauokota. Mdogo hupita kwenye koleo na mchanga, ukatupwa, na ndio uliobeba chakula cha kila siku.

Chukua ndoo moja ya udongo wa tabaka hilo la majivu, uipitishe kwenye chekeche. Ukitumia lenye matundu ya milimita 5, utabaki na vigae, maganda na vipande vya mbuzi, useme hawa watu walikuwa wala nyama. Udongo uliopita upitishe tena kwenye chekeche la milimita 2, na hapo samaki wanajitokeza: pingili za mgongo kwa mamia, miiba, vipande vya taya. Wachimbaji wa zamani wengi hawakuchekecha hivyo, na ndiyo sababu ripoti za miaka ya nyuma zikisema kuhusu chakula cha mji fulani mimi huuliza kwanza chekeche lilikuwa la matundu gani. Nimeona watu wakibishana juu ya "badiliko la chakula" ambalo kwa kweli lilikuwa badiliko la wavu wa chekeche.

Samaki hutambulikana vizuri zaidi kwa mifupa ya kichwa. Pono huwezi kumkosa: meno yake yameungana yakawa mdomo mgumu wa kung'olea matumbawe, na kooni ana kinu cha pili cha kusagia. Changu ana magego ya mviringo kwa sababu baadhi yao hula kome na kaa. Chewa ana taya pana yenye meno madogo yaliyochongoka. Tafi ni mfupa mdogo mdogo tu, mtihani kwa macho. Papa na taa ni suala jingine, maana kiunzi chao ni gegedu, ule mfupa laini kama wa sikio, na gegedu huoza. Kinachobaki ni meno na pingili zile za duara, bapa, zilizobonyea pande zote mbili. Ukikuta pingili kumi za papa, usiseme papa alikuwa wa nadra. Sehemu kubwa ya mwili wake haikuwa na cha kutuachia.

Kwa nini nijali ni pono au ni nguru? Kwa sababu kila samaki ana mahali pake na ana chombo chake. Pono, tafi na changu huvuliwa ndani ya miamba, kwa dema (mtego wa kusukwa), kwa uzio, au kwa mshipi kutoka mtumbwini. Nguru na jodari wako nje, na papa mkubwa anataka jarife (wavu mkubwa), chombo cha kustahimili mawimbi, na watu wanaojua kurudi. Nyinyi mko jirani na mahali palipoonyesha jambo hili vizuri kuliko karibu pwani yote: Shanga, upande wenu wa kusini. Mwanaakiolojia Mark Horton alipachimba kati ya 1980 na 1988. Ni mji uliokaliwa tangu karne ya 8 hadi mwanzoni mwa karne ya 15, na mifupa yake aliichambua pamoja na Nina Mudida wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Katika tabaka za mwanzo, samaki wengi ni wa karibu: wa miambani na wa vilango vya mikoko. Wamo na kasa, yumo na nguva. Ukipanda juu, kuelekea karne za baadaye, samaki wa bahari ya nje na papa wanaongezeka, na ng'ombe, mbuzi na kondoo nao wanachukua nafasi kubwa zaidi. Watu hawa walianza kwa kula kilichokuwa mlangoni pao. Ubaharia ulikuja hatua kwa hatua, ukuta wa mawe nao vivyo hivyo. Wanaotuambia kwamba miji hii ilishushwa ikiwa kamili na wageni kutoka ng'ambo wangekaa kitako wakahesabu pingili za tafi, wangepunguza sauti.

Kasa nimemtaja, na najua nikimtaja Pate yatazuka mengine. Vipande vyake ni rahisi: ni vibao bapa, ukingo wake una meno meno yanayoshikana na kibao cha pili. Wapo wanaomla na wapo wasiomla, na mashehe wana maneno yao. Mifupa haitoi fatwa. Inasema tu kwamba aliliwa. Wavuvi wa Kibajuni walikuwa na njia ya kumvua kwa chazo, yule samaki anayejibandika kwenye miili ya wakubwa: hufungwa kamba mkiani, huachiwa, hujibandika kwenye kasa, kisha wote wawili huvutwa. Ng'amba yeye aliwindwa pia kwa magamba yake, bidhaa ambayo baharia wa Kiyunani wa karne ya 1 aliitaja miongoni mwa zilizotoka pwani hii, pamoja na pembe za ndovu.

Wafugwao nitakupa njia za haraka, ukijaribu mwenyewe kwenye rundo lako. Ukikuta mfupa mrefu wa chini ya mguu, tazama ncha ya chini. Ikiwa ina vichwa viwili vilivyotenganishwa na mwanya, mnyama ana kwato zilizopasuka: ng'ombe, mbuzi, kondoo, au swala. Ikiwa kichwa ni kimoja kipana, ni punda, na mifupa ya punda karibu na uso wa ardhi Lamu na Pate kwa kawaida ni ya juzijuzi, ya babu zetu na sisi wenyewe. Ng'ombe na mbuzi utawatofautisha kwa ukubwa. Mbuzi na kondoo ndio wanaotutoa jasho. Hata mwenye uzoefu huandika "mbuzi au kondoo" akaendelea, isipokuwa akipata kipande cha pembe, au meno fulani, au kifundo kinachosema wazi. Siku hizi maabara inaweza kuchukua chembe ya mfupa, ikasoma protini yake, kolajeni, na kuwatofautisha. Joto la pwani yetu ni adui wa kolajeni, kwa hiyo si kila mfupa hujibu. DNA ndiyo hupotea mapema zaidi.

Umri unasomwa kwenye meno, na hapa hamhitaji mtaalamu wa mbali. Mchinjaji yeyote wa Siyu, ikikaribia Idi ya kuchinja, humfunua mbuzi mdomo akatazama meno ya mbele kabla ya kutaja bei. Sisi tunafanya hivyo hivyo kwa taya za jaani, ila tunatazama zaidi magego: lipi limeshatoka, lipi limelika kiasi gani. Taya ishirini zikishapangwa mezani unaanza kuona mfugaji alikuwa na nia gani. Madume yakichinjwa yakiwa machanga na majike yakiachwa hadi kuzeeka, ni mtu aliyetaka maziwa na kizazi. Wakiwa wote ni wa umri mmoja, wamekomaa, wamenona, basi yawezekana mji ulikuwa ukinunua nyama kutoka kwa wafugaji wa bara, na wafugaji walichagua cha kuuza. Usihesabu vipande, maana mbuzi mmoja huvunjika vipande mia. Hesabu kiungo kimoja cha upande mmoja: taya za chini za kushoto zikiwa nne, mbuzi hawapungui wanne.

Kuna wawili wadogo ambao mimi huwatafuta kwa hamu kuliko ng'ombe. Wa kwanza ni kuku. Asili yake ni kuku mwitu wa kusini mashariki mwa Asia, kwa hiyo kila mfupa wa kuku katika ardhi hii ni ushahidi wa safari ya bahari au ya nchi kavu ambayo mtu aliifanya au aliipokea. Taabu ni kwamba kanga na kwale ni ndugu zake wa karibu, na mifupa yao hufanana kiasi cha kuaibisha. Mguu wenye kipi cha jogoo husaidia. Wa pili ni panya mweusi wa majumbani, naye wa Asia, ambaye hakualikwa. Alipanda jahazini na nafaka, akashuka na nafaka. Uchambuzi mpya wa mifupa ya pwani yetu na visiwani unaonyesha wawili hawa kuanzia nusu ya pili ya milenia ya kwanza, yaani kipindi kile kile ambacho vigae vya Ghuba ya Uajemi vinaanza kuonekana. Watu wengi wakitaka ushahidi wa biashara ya kale hutafuta sarafu. Nipe taya ya panya. Sarafu huweza kupita mikono mingi na miaka mingi kabla ya kuangushwa, lakini panya hapitishwi mkono kwa mkono wala hawekwi akiba: akiwepo, jahazi lilifika na ghala lilikuwepo.

Hapo tayari nimeanza kujibu swali lako la mwisho, la masalio ya chakula. Maandishi ya kale kuhusu pwani hii yaliandikwa na wapitao, na mpitaji huandika alichoonyeshwa. Al-Masudi, msafiri na mwandishi wa Kiarabu aliyefika pande hizi mwaka 916, aliandika kwamba watu wa Zanji, yaani wa pwani hii, hupanda ng'ombe, na kwamba hawana farasi, nyumbu wala ngamia. Huenda alikokwenda hawakuwepo. Lakini Shanga mifupa ya ngamia imepatikana, na si ajabu, kwani ng'ambo ya maji ni bara ya wafugaji, na wafugaji na watu wa miji hawajawahi kukosa la kubadilishana. Au chukua mfano wa Malindi. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme Yongle wa Uchina, mwaka mmoja baada ya mwingine aliyepelekwa kutoka Bengala, na maafisa wa huko wakamshangilia kwa kumdhania yule mnyama wa baraka wa hadithi zao. Ni mnyama mashuhuri kuliko wote waliowahi kuondoka pwani hii, na tunamjua kwa karatasi za Wachina. Jaa halina habari za aliyeondoka akiwa hai. Linao wale waliobaki: changu wa Jumatatu, mbuzi wa arusi, kuku wa mgonjwa. Vilevile siwa ya Pate, ile baragumu ya kifalme iliyoko Makumbusho ya Lamu, ni pembe ya ndovu, nayo ni masalio ya mnyama, ila haikupita jaani, ilipita kwa masultani. Ukitaka kujua sultani alijionaje, tazama siwa. Ukitaka kujua mke wa nahodha alipika nini, chekecha majivu.

Utaniuliza kama mifupa inaonyesha ikiwa hawa walikuwa Waislamu. Kwa uchache sana. Bismillahi haiachi alama. Kisu cha koo kwa kawaida hupita kwenye nyama na mishipa, mara chache hugusa pingili ya shingo. Ngiri na nguruwe mwitu wakikosekana kabisa katika jaa kubwa, na wakati msitu ulikuwa karibu, ni dalili, lakini dalili ya kuwekwa pamoja na msikiti, makaburi na maandishi. Peke yake haitoshi.

Kuhusu miaka: usiutazame mfupa, vitazame vigae. Chungu chetu cha kienyeji chenye michoro ya pembetatu iliyokwaruzwa shingoni ni cha karne ya 7 hadi ya 10 hivi. Vigae vinene vya rangi ya samawati-kijani, vya mitungi mikubwa ya Ghuba, huenda na karne ya 9 na ya 10. Kaure ya Kichina ya kijani iliyofifia inakuja zaidi katika karne ya 13 hadi ya 15, na ile nyeupe yenye maua ya buluu huendelea baada ya hapo. Katika picha yako naona kigae kimoja cha kijani kilichofifia kando ya ubavu, lakini kigae kimoja kinaweza kuwa kimeporomoka kutoka juu wakati wa kuchimba, kwa hiyo sitakutajia karne. Vigae vikitolewa tabaka kwa tabaka vitasema vyenyewe.

Na kama kuna atakayekuambia upeleke ule ubavu ukapimwe umri kwa kaboni 14, kaboni inayopungua polepole katika kilichokufa, mwambie achague kingine. Kaboni ya baharini ni kongwe kuliko ya hewani, kwa hiyo nguva, kasa na samaki hutoa umri uliozidi wa kweli, mara nyingi kwa miaka kama 400. Hesabu ya kurekebisha ipo, lakini ya nini taabu yote hiyo ikiwa pembeni yake kuna mkaa wa kijiti chembamba, punje ya mtama iliyoungua, au jino la mbuzi?

Umebahatika na udongo, hilo nalo nilitaje. Bara, kwenye udongo mwekundu wenye asidi, mfupa huliwa ukaisha, ukabaki na vigae vitupu. Kwenu maganda ya chaza, chokaa na matumbawe vimeutuliza udongo, na mfupa umekaa. Ndiyo maana majaa ya visiwa vya Lamu ni hazina kwa kazi yangu, na ndiyo maana mashimo ya vyoo na misingi ya nyumba mpya hunitia wasiwasi.

Sasa ya kufanya. Vijana wasiuze kitu. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa ndani ya siku 7, na nguva, kasa na ndovu wote wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013, ambayo haichezi na mtu anayekutwa na viungo vyao. Nenda au piga simu Makumbusho ya Lamu, useme ni Siyu, ni jaa, na kina ni kiunoni. Usifukue zaidi ili "kuwasaidia". Mfupa uliotolewa bila kujulikana ulikuwa juu ya nini na chini ya nini umepoteza nusu ya maana yake, na hakuna maabara itakayoirudisha.

Kile kilichokwisha kutoka, kiwekeni kivulini. Mfupa uliokuwa kwenye unyevu miaka mia kadhaa ukianikwa juani hupasuka siku hiyo hiyo. Usiuoshe kwa brashi ngumu, usiupake gundi wala vanishi. Tumia mifuko ya karatasi au maboksi, kwani plastiki hufungia unyevu na kuzalisha kuvu. Ndani ya kila mfuko tia kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli (wino hufutika): tarehe, mahali, kina. Ule ubavu na kipande chake kilichovunjika viende pamoja, hata kama kipande ni kidogo. Udongo mliokwisha kuurundika kando ya shimo msiutawanye, ufunikeni kwa makuti au turubai. Watu wa Makumbusho wanaweza kuuchekecha wote kwa asubuhi moja, na wanafunzi wako wakiruhusiwa kushika chekeche watajifunza mengi kuliko nitakayoweza kuandika hapa. Piga picha ukuta wa shimo ukiwa na rula iliyosimama kando, asubuhi kabla jua halijawa kali, ili tabaka la majivu lionekane linaanzia wapi na kuishia wapi.

Shimo lenyewe lizibeni kwa mbao, mtoto au punda asitumbukie. Na choo, ukiniuliza mimi, kihamisheni. Kwanza chimbeni kwa mkono kishimo chembamba cha kujaribia hatua kadhaa kutoka hapo, upande wa juu. Mkipita kina cha kiuno, hadi kifuani, bila kukuta majivu wala maganda, mko nje ya jaa na mnaweza kuendelea, mradi msikikaribie kisima.